Picha Yenye Chenga

Binti huyu nyumbani walimwita Cherehani, na jina hilo hakulipata kwa kushona. Hata kutunga uzi kwenye sindano kulimshinda. Alilipata kwa mguu wake wa kulia, ambao akikaa tu unaanza kukanyaga chini ya meza, chap chap chap, mpaka vijiko vinagongana kwenye visahani. Aliacha kazi ya duka la vitambaa kwa sababu ya kusimama kutwa, akaacha ya mapokezi kwa sababu ya kukaa kutwa. Mama yake akamuuliza, "Sasa mwanangu, ukitoa kusimama na kukaa, umebakiwa na kazi gani?" Kaka yake akadakia kwamba amebakiwa na kulala, ila na huko nako anapiga mateke.

Kwa hiyo asubuhi ile baba yao aliposema, bila hata kuinua macho, "Cherehani, kuanzia leo unakuja studio nikufundishe kamera," meza nzima iliacha kutafuna.

Jamani, si jambo dogo hilo. Baba alikuwa na studio ya picha pembeni ya duka la dawa, chumba kimoja chenye pazia jeupe, kiti cha mteja kisicho na mgongo, na kabati la vioo ambamo kamera ililala kwa kufuli. Ilikuwa kamera yake yeye, si ya familia. Kaka aliigusa mara moja tu utotoni, na mpaka leo na ndevu zake anakumbuka kofi lile. Mama mwenyewe aliruhusiwa kupangusa vumbi kwenye mkoba wa kamera, basi, asifungue. Na leo apewe nani? Apewe huyu ambaye hata kupimwa presha hatulii!

"Baba, unaumwa?" Kaka akauliza kwa utani.

"Naumwa na maswali yako." Baba akasukuma kikombe kando. Siku hizi Mama alimmiminia nusu kikombe tu, na hata hiyo nusu hakuinywa mbele ya watu. Cherehani alikuwa ameliona hilo, akadhani ni mambo ya sukari.

Mama ndiye aliyefurahi kuliko wote, na alikuwa na sababu yake. Kaka alikuwa amepata kazi mbali sana, mkataba wa miaka, tiketi iko mkononi, mabegi yamesimama ukumbini yanazuia njia. Na ukiangalia ukuta wa sebule yao, umejaa picha: Mama na watoto, watoto na mashangazi, watoto na mbwa wa jirani. Baba hayumo hata kwenye moja. Kuna moja tu ambayo kivuli chake kimeingia chini, kichwa na mabega, kimelala kwenye nyasi. Ukimwambia atege kamera naye aingie, anasema mpiga picha akiingia kwenye picha, nani anaangalia?

"Sasa mpigaji tumempata," Mama akatangaza. "Mwanangu haondoki nyumba hii bila picha ambayo baba yake yumo. Na iwe picha safi, ya kutundika. Mkishindwa nitaficha pasipoti, mnanijua."

Walimjua. Picha nzima ya familia imemwangukia Cherehani, na Kaka anaondoka Jumapili ya mwisho wa mwezi.

Masomo yakaanza, na usione watu wanabonyeza kitufe ukadhani ni mchezo. Siku ya kwanza Baba alimkalisha kwenye kiti cha mteja akamwambia mambo ni matatu tu: tundu, spidi na ISO. Tundu ni jicho la lenzi, ukilipanua linaingiza mwanga mwingi, ukilibana linaingiza kidogo lakini linaona vizuri mbele na nyuma. Mpaka hapo sawa. Kisha akasema namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, namba ikiwa kubwa tundu ni dogo.

"Baba, hiyo si kinyume?"

"Ni kinyume."

"Nani alipanga hivyo?"

"Aliyepanga hakukuuliza wewe. Geuza gurudumu."

Spidi ni muda ambao mlango wa kamera unabaki wazi, na hapo Baba alisema jambo ambalo Cherehani alilirudia usiku kitandani: mlango ukiwa wazi kamera inaandika kila kitu, na mtu akitikisika inamwandika akitikisika. Spidi ya mia mbili hamsini, yaani kipande kimoja cha sekunde iliyokatwa mara mia mbili hamsini, inafungua na kufunga mtu hajapepesa. Spidi ya nane inazubaa, mtu anaweza kupiga chafya katikati. Na ISO ni namna ya kuilazimisha kamera ione gizani. Hiyo Baba aliichukia kama mtu anavyochukia mgeni wa kulala. "Ukiipandisha picha inajaa chenga, vidotidoti kama imemwagiwa mchanga. Kwenye studio yangu ISO ni mia moja. Ikigoma, tafuta mwanga, usitafute chenga."

"Na flashi?"

"Flashi inafanya watu waonekane wamekamatwa wakiiba. Geuza gurudumu."

Kila kitu kilikuwa "geuza wewe, ujifunze". Badilisha lenzi wewe, ujifunze. Toa kadi wewe, ujifunze. Mzee alisimama nyuma, mikono kaifumbata kwapani, akisikiliza. Maana gurudumu la kamera ile lilikuwa na mlio, tik, tik, tik, na Baba alizijua namba kwa masikio. Ukipitiliza tiki moja tu anakwambia, "Rudi."

Ila kupiga, walipiga wote wawili. Mteja akija, Baba anapiga kadhaa, kisha anampa Cherehani naye apige kadhaa, zote zinaingia kwenye kadi moja. Jioni wanazifungua kwenye kompyuta, Baba anachagua. Na hapo ndipo roho ya Cherehani ilipokuwa inatoka. Kila jioni kulikuwa na picha zilizotikisika, uso una pande mbili, macho yamevutwa.

"Hii umeitikisa wewe," Baba anasema.

"Hii nayo?"

"Sasa nani? Mkono wako haujatulia. Mguu haujatulia, mkono utatulia vipi?"

Cherehani alijaribu kukumbuka ipi alipiga yeye, akashindwa, na angewezaje? Akaamini. Nyumbani akawa anashika chupa ya maji mbele ya uso, viwiko kavibana mbavuni, anazuia pumzi, anahesabu mpaka macho yanamtoka. Maji yalikuwa yametulia tuli. Akajiambia labda hofu ndiyo inamtikisa akiwa mbele ya wateja. Kisha siku moja Baba alikipiga picha kibao cha duka la dawa kumwonyesha mfano, na kibao nacho kikatoka kimevurugika. Baba akasema lenzi ina vumbi. Cherehani akaipangusa lenzi, asubuhi na jioni, kwa kitambaa laini, na wala haikuwa na vumbi.

Kisha akarudi mteja mmoja, mama wa miwani. Alikuwa amepigwa picha za pasipoti hapo studio, amepanga foleni ofisini, na dirishani wamemrudishia picha zake kwamba hazionyeshi uso. Akaziweka mezani kwa kishindo. "Mzee, mimi ni mteja wako wa siku zote. Hiki ni nini?"

Baba alizitazama zile picha. "Samahani sana, mama. Ni huyu mwanafunzi wangu. Bado anajifunza."

Yule mama akamgeukia Cherehani, akamtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye ule mguu unaokanyaga, akasema, "Wengine Mungu hakuwaumbia kazi za mikono." Akaondoka. Cherehani aliingia nyuma ya pazia jeupe akalia, tena alilia kwa hasira, na zaidi ya yote alijihurumia. Hii ilikuwa kazi ya kwanza ambayo hakutaka kuiacha. Kwenye ile kamera, kwa mara ya kwanza maishani, mtu alikuwa anamwambia atulie na yeye anataka kutulia. Na mwili umemkatalia!

Jumapili ikafika na mawingu yake. Tangu asubuhi Kaka alikuwa anafungua mabegi na kuyafunga, Mama anaingia na kutoka jikoni bila kupika kitu, simu zinaita, shangazi huyu anaaga, rafiki yule anaaga. Gari la kwenda uwanja wa ndege lingefika mchana. Cherehani alisogeza meza ya sebule, akairudisha, akaisogeza tena. Alipanga viti viwili karibu na dirisha, vya Baba na Mama, nyuma pa kusimama Kaka, na mbele pembeni kigoda chake mwenyewe. Kamera akaifunga juu ya stendi ya miguu mitatu, akakaza kila skrubu mpaka vidole vikauma.

"Unatumia taimeri?" Baba akauliza. Alikuwa amevaa shati jeupe, vifungo kavifunga Mama.

"Natumia taimeri. Naminya, nakimbia, nakaa."

"Tundu nane, safu zote zionekane vizuri. ISO mia moja. Spidi soma mwenyewe."

Akasoma. Mwanga wa dirishani ulikuwa hafifu, wingu limekaa. Spidi ikaangukia nane, ile inayozubaa. "Ni nane, Baba."

"Stendi ipo. Watu wasitikisike."

"Umesikia?" Kaka akaangua kicheko. "Watu wasitikisike! Cherehani, mguu huo ufunge kamba. Nitakwenda kuwaonyesha wenzangu kule picha ya dada mwenye miguu mitatu."

"Kaa kimya, utaniharibia," akasema Cherehani. Mama alishajipaka wanja, ameketi wima, uso unang'aa kwa kusubiri. Ukimharibia mama huyu leo, utamfidia na nini? Mwanawe anaondoka. Cherehani akaminya kitufe, akakimbia, akajitupa kwenye kigoda, akashika goti lake la kulia kwa mikono yote miwili kama anayemzuia kuku asitoroke. Kamera ikawasha kitaa chake chekundu, kikapepesa, kikapepesa haraka. Klak.

Akaruka kwenda kuangalia. Kitu cha kwanza alichotafuta ni mguu wake. Umetulia! Kila uzi wa soksi unaonekana. Akakuza picha, akaenda kwa Mama, Mama safi, wanja na yote. Kaka safi, jino na jino. Ua la pazia safi. Uso wa Baba safi, mkali, mzuri, uso ambao haujawahi kuwa ukutani. Akashuka kwenye shati, akashuka kwenye paja. Mkono wa kulia wa Baba haukuwa mkono. Ulikuwa ukungu, kitu kilichofutwa kwa kitambaa kibichi, vidole havina idadi.

Akarudi juu, akashuka tena. Stendi imesimama, kaikaza mwenyewe. Kitufe hakukishika mtu. Kitu kingine chochote katika chumba kile hakikutikisika. *Inamwandika akitikisika.*

Ndipo mambo yote yakamjia kwa pamoja. Nusu kikombe cha chai. Geuza wewe, ujifunze. Mikono kwapani. Vifungo vya shati. Kibao cha duka la dawa. Na hasira ikampanda mpaka masikio yakawaka moto. Kumbe! Wiki zote hizi anashika machupa ya maji kama mwendawazimu, anatukanwa na mama wa miwani, analia nyuma ya pazia, na mzee anajua! Anajua na ananyamaza! Akainua kichwa aseme, naapa alikuwa anasema, mdomo ulishafunguka.

Akamwona Baba pale kwenye kiti. Alikuwa ameukalia mkono wake wa kulia. Mtu mzima, na shati lake jeupe, amekalia mkono wake mwenyewe, anamtazama binti yake jinsi wateja wanavyomtazama yeye, wakisubiri waambiwe wametokaje. Na Mama pembeni macho kayaelekeza sakafuni, na ndiyo kusema Mama naye alijua.

"Lete tuone!" Kaka akatoka nyuma ya viti. "Mguu umetulia?"

Huyu Kaka huyu. Mara ya kwanza alipoitwa kazi ya mbali, Mama alivunjika mguu kwa kuteleza bafuni, na Kaka akafungua mabegi siku hiyo hiyo, hakuuliza wala hakulalamika. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Akiuona mkono huu leo, mabegi yale ukumbini hayafiki mlangoni.

Cherehani akabonyeza, skrini ikazimika.

"Usije, rudi mahali pako. Imeharibika. Nimeharibu mimi. Nimetikisika."

"Si nilisema!" Kaka akapiga makofi. "Si nilisema mguu huo! Mama, hukunisikia?"

"Ulisema," Cherehani akasema. "Rudi mahali pako."

Baba hakucheka. Alikuwa amemkazia macho.

Cherehani akainamia kamera. Tundu akalifungua tiki mbili tatu. Kisha akaweka kidole kwenye kitufe cha ISO, kile asichowahi kukigusa, akaanza kugeuza. Tik, tik, tik, na akaendelea, tik, tik, na sebule yote kimya. Baba alikuwa anahesabu, ilionekana midomo ikienda.

"Hiyo ISO unaipeleka wapi?" akauliza taratibu.

"Inakotakiwa, Baba."

"Itajaa chenga."

"Itajaa."

Akaisoma spidi: mia mbili hamsini. Akamtazama baba yake. "Mkono weka juu ya paja, Baba. Usiukalie. Uweke tu ulivyo."

Mzee akautoa mkono, akauweka juu ya paja, hadharani, huku mwanawe wa kiume amesimama nyuma yake haoni. Ukaanza kucheza. Cherehani akaminya, akakimbia, akaketi. Safari hii hakushika goti. Mguu ukakanyaga chap chap chap upendavyo, na Kaka alikuwa bado anamcheka ilipolia klak.

Pichani wote walitoka safi. Mguu uko hewani umesimama kama mtu aliyesahau alikokuwa anakwenda, Kaka kinywa wazi, Mama anamtazama mumewe, na mkono wa Baba umetulia juu ya paja, vidole vitano, pete na yote. Mama aliitazama mpaka wanja ukamtoka. "Haya," akasema, "sasa nenda, mwanangu." Kaka akaiweka kwenye simu yake, akamkumbatia dada yake mpaka akamnyanyua, na honi ikalia nje.

Kesho yake studio ilifunguliwa kama kawaida. Cherehani aliichapa ile picha kwa ukubwa wa ukutani, akaiweka mezani. Baba akavaa miwani, akainama.

"Ina chenga," akasema.

"Ina chenga, Baba."

"Ile ya kwanza haikuwa na chenga."

"Haikuwa nazo."

Mzee akavua miwani, na miwani ikagongagonga meza kabla haijatulia. Hakuuficha mkono. "Zile zilizotikisika, zote zilikuwa zangu. Zako hakuna hata moja iliyotikisika, tangu siku ya kwanza. Nilizitafuta, nikakosa."

"Nilijua jana."

"Nilitaka kukuachia kamera bila kusema kwa nini. Ulimi ukagoma. Nikaona rahisi kukusingizia. Kaka yako nitamwambia mwenyewe, akishatulia kule."

"Uliniumiza, Baba. Nililia humu ndani, nyuma ya pazia hilo."

"Nilikusikia," Baba akasema.

Hawakusema zaidi, maana mlango ulifunguliwa akaingia yule mama wa miwani, mkoba kwapani, midomo kaibana. Akakaa kwenye kiti cha mteja bila kukaribishwa. "Mzee, shika kamera wewe leo. Huyu mtikisikaji asiniguse."

Cherehani akarudi nyuma. Alishazoea.

Baba alifungua kufuli ya kabati, ilimchukua muda, funguo zikicheza kwenye tundu na yule mama akiangalia. Akaitoa kamera kwa mikono yote miwili, akamvisha binti yake mkanda wake shingoni.

"Mama, zile picha nilipiga mimi," akasema. "Niliziharibu mimi, nikamsingizia mwanangu. Mikono yangu imekwisha. Mpiga picha wa hapa ni huyu."

Yule mama alifungua kinywa, akautazama mkono wa mzee ulivyokuwa ukicheza juu ya kabati, akakifunga. Akakaa sawa, akainua kidevu.

Cherehani akabana viwiko mbavuni. Chini, mguu ulishaanza, chap chap chap.

"Spidi?" Baba akauliza kutoka nyuma.

"Mia mbili hamsini."

"Haya. Piga."